Dipanda mbele ya mkwe

Kashikishi, Jumapili, Juni 1959

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, baridi ya kujifunga vitenge viwili. Mimi sisikii baridi. Nimeaibika mchana, na jioni hii nimejikuta nacheka peke yangu jikoni.

Leo alikuja Mama Ilunga, mama wa kijana atakayemwoa Chanda wangu. Amevuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo. Mambo ya posa kaka yangu alishayamaliza na wazee wao. Leo ilikuwa zamu yetu akina mama kuonana, na mimi nilikuwa na ombi moja tu lililoninyima usingizi: Chanda akipata mimba ya kwanza, arudi kujifungulia kwangu. Kwetu ndivyo ilivyo. Kwao sikujua. Na Chanda ndiye mtoto pekee niliye naye.

Shida ilikuwa lugha. Mama Ilunga ni Mluba, Kibemba hajui hata salamu. Kiswahili changu mimi ni cha sokoni. Kinajua kusifu samaki, kuvutana bei na kumfukuza mnunuzi msumbufu. Kumbembeleza mkwe hakijui.

Basi wiki chache kabla ya ugeni huu nikaanza kwenda kwa jirani yangu Mwansa, fundi cherehani mwenye redio, kusikiliza habari za Kongo kwa Kiswahili. Nilidhani nitaokota maneno ya heshima.

Niliokota siasa.

Watu wa Leopoldville wanataka uhuru, nao wanauita dipanda. Vijana wao ni bilenge. Kila jioni ni dipanda na bilenge, bilenge na dipanda. Mwansa aliwahi kufanya kazi Elisabethville, kulekule Kongo, ndiye aliyenifafanulia, tena akanihakikishia kwamba hayo ndiyo maneno ya watu wa kisasa. Nikayapenda. Nilikuwa nikigeuza samaki vichanjani huku nikiyatamka, Chanda ananicheka.

Leo mgeni alipomaliza kula, nikakohoa kidogo, nikakaa wima kama mkubwa wa chama.

"Mama Ilunga, bilenge yetu banaomba dipanda."

Nilitaka kusema watoto wetu wanatamani kuanza maisha yao.

Akaweka kikombe chini. "Dipanda? Kutoka kwa nani? Kwangu miye? Ilunga anasema namutawala?"

Kikombe akakisukumia mbali. Ni mjane, na Ilunga mwanawe ndiye anayemtunza. Nikaona nimevunja harusi ya mwanangu kwa maneno mawili ya redioni, na siasa yote ikanitoka kichwani. Nikabaki na Kiswahili changu cha samaki, nikakitumia hichohicho.

"Mama, sikiya. Nilisema mubaya, haya ni maneno ya redio. Miye niko na mutoto mumoja tu. Siku atakuwa na mimba, naomba umurudishe huku, azalie kwangu. Kisha nitabaleta miye mwenyewe kwako, yeye na mutoto. Siombi ingine."

Akajifunga upya kitenge chake, kama anayetaka kuondoka. Nikaogopa kweli.

"Nilizani unataka kukamata mutoto yangu, aniache," akasema. Halafu kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge. "Dipanda! Mama Chanda, weye ni mutu ya politike?"

Nami nikacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha. Alipotulia akanishika mkono.

"Hata miye, wa kwanza nilimuzalia kwa mama yangu. Chanda atakuya huku."

Nililia kidogo, wala sikujificha.

Nilimsindikiza mpaka ufukweni, tukipita katikati ya nyavu zilizoanikwa, naye ameegemea bega langu kama tumejuana miaka. Njiani akaniuliza Kibemba cha mjukuu ni nini. Nikamwambia: umwishikulu. Ulimi ukamkwama. Akajaribu tena, ukakwama tena. Mtumbwi ulipoondoka alikuwa bado analitamka, na wapiga kasia wakimsahihisha.

Harusi yenyewe haijafika, na huyu mama tayari anajifunza kumwita mjukuu wetu kwa lugha yangu.