Siku Kombe Lilipokosa Uchungu

Jumatano, baada ya alasiri. Jua la leo limepiga mpaka kuta za mawe zinatoa joto kama jiko lililosahauliwa. Mimi nahisi baridi.

Naandika nyuma ya daftari langu la kliniki kwa sababu ndilo lililokuwemo mkobani. Mkono wa kushoto una dripu. Nitayapandisha haya blogini nikipata nguvu, na nikipata uso wa kufanya hivyo, maana kuna maneno niliyoyaandika hapa hapa miezi miwili iliyopita ambayo leo nayameza moja moja.

Niliandika kwamba nimebakisha nusu kidonge. Nikajisifu. Nikasema daktari ana vidonge vyake na mimi nina kombe la Mama, tutaona nani zaidi.

Mdomo wangu huu.

Kwa anayesoma mara ya kwanza: nina baridi yabisi, si ile ya uzee, ni ile ambayo mwili unajipiga wenyewe. Mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono, yale matundu madogo madogo yanayotaka vidole vitulivu, na vidole ndivyo vilivyoanza kuvimba. Vidonge vya steroidi vilinirudishia vidole vikanichukua uso. Ulijaa ukawa duara. Mtaa wetu mzima wa Mkomani wakanambia nimenawiri, na Bi mmoja akaniuliza mimba ina miezi mingapi.

Niliuchukia uso ule. Nilitaka vidonge viishe.

Daktari wangu yuko Mombasa, twazungumza kwa simu, na kila mara hunikumbusha jambo moja: usiache ghafla. Anasema mwili ukizoea kuletewa dawa ile husahau kujitengenezea yake, na ukinyimwa kwa ghafla waweza kuzima. Basi tukashuka polepole. Vinne, vitatu, viwili, kimoja. Mama alikuwa akinikatia nusu kwa kisu cha ndimu, huku akisema mwenda pole hajikwai.

Na kila asubuhi, kabla sijatia kitu kinywani, aliniletea kombe. Maalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, Mama huiosha kwa marashi, na maji yale nayanywa kwa bismillahi. Tumelelewa hivyo, na sioni haya kusema. Lilikuwa chungu. Nilipomuuliza akasema zafarani ya siku hizi si ile ya zamani.

Nikanywa. Nani anamhoji mama yake kuhusu kombe?

Vidole vikanyooka. Nikashona kofia tatu mfululizo. Kitu kimoja tu kilinikera: uso haukupungua. Nimefika nusu kidonge na mashavu bado yale yale. Daktari akasema tuvute subira, na mimi nikaona ni chakula cha Mama.

Jumamosi Mama akavuka kwenda Faza, harusi ya mwana wa mdogo wake. Aliniachia sahani zilizoandikwa, akanielekeza kuziosha, akaenda zake na buibui jipya.

Jumapili nikajitengenezea kombe mwenyewe. Lilikuwa tamu. Ladha ya marashi na zafarani, basi. Nikafurahi kwamba nina mkono mzuri kuliko wake, na nikapanga kumtania akirudi.

Jumatatu viungo vikauma, kila kimoja. Jana nikashindwa kusimama rakaa zote, nikaswali nimekaa. Leo asubuhi nilitapika maji, jasho likanitoka nikiwa natetemeka, na kila nikiinuka chumba kinakwenda upande. Nikasema yabisi imerudi. Nilikuwa nishaanza kulia.

Ndipo picha ikaingia kwenye simu. Amina, ndugu wa bi harusi, amempiga Mama kakaa kwenye mkeka, maua ya asumini kichwani, anacheka. Chini yake shangazi zangu wameandika mashaallah, Bi Khadija amerudi usichana, tazama uso ulivyojaa.

Nikautazama. Uso ule naujua. Nimeukuta kwenye kioo changu miaka sita.

Nilikwenda jikoni nimeshika ukuta. Nyuma ya kopo la sukari, ambapo mimi sifikishi mkono kwa ajili ya bega langu, nikapata chupa ya plastiki. Ndani vumbi la kahawia limebaki pembeni. Karatasi imeandikwa kwa kalamu: dawa ya viungo. Hakuna jina la mtu wala la mmea. Nikatia kidole nikaramba.

Uchungu ule ule.

Nikampigia Mama. Hakubisha. Sauti yake ilikuwa nzito, akawa anapumzika kati ya neno na neno.

"Nalikuwa nikitia kijiko kimoja tu, mwanangu. Ningalikwambia, hungalikunwa."

Kweli, nisingekunywa. Daktari alinikataza dawa za kuuzwa mikononi, na Mama alikuwepo siku hiyo, amekaa kando yangu, akiitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa amechoka kuniona nikifunga vishikizo kwa meno. Aliinunua kule Mokowe kwa mtu wa mkoba, wale wanaotembeza dawa, akaijaribu kwanza kwenye magoti yake, ikamfaa, akanipa na mimi. Yeye anakunywa vijiko viwili tangu kabla ya Ramadhani. Iliyobaki alikwenda nayo Faza. Imekwisha tangu juzi. Akasema leo kichwa kinamzunguka kidogo, uchovu wa harusi, nisijitie wasiwasi.

Na mimi, kwa ujinga, sikujitia. Nikakata simu nikampigia daktari kumshitakia mama yangu.

Daktari hakucheka. Alinambia wako wauzaji wanaosaga vidonge vya steroidi wakachanganya na majani, na kwa haya ninayomweleza anahofia ndivyo. Yaani sikuwahi kushuka. Nilichokipunguza kwa mkono wa daktari nilirudishiwa kwa mkono wa Mama, na Jumapili kikakatwa chote kwa pigo moja. Akanituma hospitali saa ile ile. Kisha akauliza mama yuko wapi.

"Ya kwako angalau tunajua pa kuanzia," akasema. "Ya mama yako hatujui vijiko vyake vilibeba steroidi kiasi gani. Afikishwe kwa daktari leo. Asingoje kesho."

Nikampigia Mama papo hapo. Haikujibiwa. Nikapiga nikiwa nimeshikwa mkono na jirani njiani. Nikapiga nikichomwa sindano. Amina naye simu yake ilikuwa imezimwa.

Mimi sasa naendelea vizuri. Sindano imefanya kazi, nimeweza hata kula tende mbili. Nahesabu matone ya dripu na nafikiria kombe. Aya hazina kosa. Maalimu hana kosa. Sina hasira na Mama pia. Uongo, ninayo, nyingi, na nataka awepo mbele yangu nimwambie kwa midomo yangu, halafu nimlalie mapajani. Watu wetu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakutufundisha la kufanya na anayeificha dawa.

Amina amepatikana. Amepokea sasa hivi, nimeiweka simu juu ya mto wa kulalia, karibu na sikio.

Anasema Mama yupo, amelala tangu adhuhuri. Alirudisha sahani ya pilau bila kuigusa. Alitapika kidogo. Ameomba asiamshwe, na wao wamewafukuza watoto kutoka ghorofani alikolala na kumfungia mlango apate utulivu. Amenieleza haya yote kwa fahari, vile walivyomtunza.

Nimemwambia amwamshe. Akasema ameomba mwenyewe, dada, ni mkubwa, nitaanzaje. Nimemwambia mwamshe, Amina, na utafute mtu wa kumbeba hadi hospitali.

Ameshika ngazi. Nazisikia ndara zake. Nasikia mlango.

Sasa anaita. Mama Mkubwa. Mama Mkubwa. Anaita kwa sauti ya chini, ya adabu, vile tulivyofundishwa sote kumwita mkubwa aliyelala.

Ita kwa nguvu, Amina.