Ukanda Mwekundu wa Nkowe

Na hilo swali lako, Zuhura mjukuu wangu, kama ubomoe sakafu nyekundu uweke vigae kama majirani zako wa Ruangwa, limeninyima utulivu. Huku Nachingwea tu wazima. Mume wangu mpya anasema wewe ni mke mwenzangu, namwambia athubutu! Ananiita bi harusi hadi sokoni, naona haya, nayeyuka. Nami natamani kupaka rangi mpya kila chumba.

Lakini nakumbuka nikiwa msichana Nkowe. Kuta nyeupe zilikuwa ndio mtindo, mimi na mama tukapaka chokaa kote, tukaufunika ukanda wa udongo mwekundu uliozunguka chini ya kuta. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na aliyezoea kuongozwa na wekundu huo, akaukosa mlango, akajigonga.

"Nani kaihamisha nyumba yangu?"

Tulicheka. Kisha mama akakoroga udongo, akaurudisha ukanda peke yake. Weupe ukabaki juu, ukapendeza.

Mama mkwe wako naye hutembea akipapasa, na vigae vingine huteleza. Usinunue bado. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha, nitembee naye pekupeku kutoka chumbani hadi jikoni, ndipo twende dukani sote watatu.