Mzambarau Nyuma ya Jiko la Mama

Kigoma, 4 Machi 2023

Mdogo wangu Bonifasi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, sijui ninyi, na mguu wa mama unaendeleaje. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu una maneno matamu. Nayataka kwenye karatasi, niyaweke sandukuni.

Binamu yetu Kefa alipita hapo Kilimatinde. Anasema katika ile mizambarau mitatu aliyotugawia baba kabla hajafa, wako na wa mama imekatwa vichwa na kupakwa chokaa. Mimi si mtoto. Kitu kikipakwa alama, kuna mtu amekuja kukipima. Umemuuzia nani? Wangu, ule wa nyuma ya jiko la mama, usiuguse.

Dada yako,
Dorkas

Kilimatinde, 19 Machi 2023

Dada Dorkas,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri, mguu unamsumbua asubuhi tu.

Sijamuuzia mtu. Mizambarau ilipanda juu mno, zambarau zikawa za popo, sisi tunaokota zilizopasuka. Bwana shamba Philipo alitufundisha kuipunguza kidogo kidogo, theluthi kila mwaka, mpaka mtu achume akiwa amesimama chini. Chokaa inakinga gome, maana matawi ya ndani hayajazoea jua. Nilianza na wangu na wa mama ili wewe uone kwanza. Lakini wako ndio wa hatari. Tawi lake kubwa limelala juu ya paa la jiko, na unajua mzambarau unavyokatika kirahisi. Niruhusu nilitoe hilo tu.

Mdogo wako,
Boni

Kigoma, 8 Aprili 2023

Bonifasi,

Hujambo? Mama hajambo? Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma inazidi kuwa nzuri, nami nazidi kuitilia shaka. Kama ni kazi ya heri, kwa nini niisikie kwa Kefa? Na magunia mawili ya mkaa aliyoyaona barazani kwako yalitoka wapi? Leo tawi, kesho shina, keshokutwa kiwanja changu. Ndoa yangu unajua ilivyo. Nikiachika sina pa kurudi ila hapo penye mti wangu.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Gaspari. Mtu asiuguse mti ule mpaka nije mwenyewe Desemba.

Dada yako,
Dorkas

Kilimatinde, 2 Mei 2023

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mzee Gaspari aliisoma barua yako mbele ya watu, nami nimekaa pale kama mwizi wa kuku. Sitakuficha, iliniuma.

Mkaa ule ni matawi hayohayo, na anayeupikia ni mama. Nimemwomba aache jiko lile, apikie upande wangu. Alicheka. Anasema mti wa binti yake hauwezi kumdhuru.

Sitaugusa. Ila njoo.

Mdogo wako,
Boni

Kigoma, 28 Desemba 2023

Bonifasi,

Habari za huko? Mume wangu amenikatalia safari. Wewe nawe miezi saba kimya, hata salamu hakuna. Unaficha nini?

Dada yako,
Dorkas

Kilimatinde, 21 Januari 2024

Dada,

Shikamoo. Alhamisi jioni upepo wa mvua ulilivunja lile tawi, likaangukia jiko mama akiwa ndani. Amevunjika mkono na nyonga. Yuko hospitali, anaongea. Sikukupigia simu kwa sababu maneno yangu uliyataka kwenye karatasi.

Tulimtoa kwa upande wa mlango. Watu walipotaka kulikata tawi niliwazuia, maana katazo lako hujalifuta. Liko palepale juu ya jiko.

Leo nimempelekea zambarau za matawi ya chini ya mti wake. Nilizichuma kwa mkono, nimesimama chini. Amekula mpaka ulimi ukageuka rangi, kisha akaniuliza kama zako zimeiva.

Mdogo wako,
Bonifasi

Kigoma, 27 Januari 2024

Mdogo wangu Boni,

Barua hii nampa Kefa aifikishe. Mpe Mzee Gaspari aisome mbele ya watu walewale. Mimi Dorkas nilimdhania ndugu yangu mwizi, naye hakuchukua hata jani langu. Tawi likatwe. Mti upunguzwe kama bwana shamba alivyofundisha, na upakwe chokaa.

Hayo ni ya watu. Ya kwako ni haya: nakuja na treni ya Jumanne, nimeruhusiwa au sijaruhusiwa. Tangu jana nimekupigia mara kumi na moja na hupokei. Najua kwa nini. Lakini pokea, Boni, umwekee mama simu sikioni. Sitaki tena karatasi.

Dada yako,
Dorkas