Mama Haketi Mpaka Useme

Baba yangu mpendwa,

Nimechoka, na nakuambia wewe kwa sababu hutanihubiria. Wengine wote hapa Mbumbuni wananiambia nitabarikiwa.

Unaikumbuka ile spika yako ya Wi-Fi, uliyotoka nayo mjini Wote ukiwa umeipakata mapajani? Ulituita sote sebuleni, ukamwambia kaka Mutua acheze zile nyimbo alizokurekodi ukiimbisha kanisani, ukajisikiliza ukitikisa kichwa. "Huyo mzee anajua kuimba," ukasema, na Mama akacheka mpaka akapangusa macho. Tulipokuzika tuliihamishia chumbani kwake, maana kumbukumbu zimeanza kumtoka na sauti yako ndiyo inayomtuliza. Nyimbo ziko kwenye kompyuta sebuleni, karibu na rauta, zinamfikia kwa hewa tu.

Sasa, ukianza kuimba, anasimama. Kama kanisani. Anashika ukingo wa kitanda kwa yale magoti yake mabovu, anaimba nawe mpaka mwisho. Wakati wa kiangazi haikuwa shida: wimbo uliisha, ukasema, "Mnaweza kuketi," naye akaketi. Lakini tangu mvua ianze, wimbo ukawa unakatika. Ubeti wa pili, kimya. Unarudi kwa neno moja, unapotea tena. Na Mama amesimama tu.

"Mwaitu, mama yangu, keti," namwambia.

"Mwimbishaji hajasema."

Basi, hapo hata umvute hakai. Magoti yanamtetemeka, mimi nimemshika kiunoni, nawaza akivunjika mguu nitaanzia wapi. Wiki jana alianguka kweli. Alichubuka mkono tu, lakini nilienda jikoni nikalia. Na nikimchezea wimbo kwa simu, anaiweka sikioni na kukuita wewe, "Haloo? Ithe wa Mutua, uko wapi?" Hiyo siwezi kuirudia, Baba.

Nimehangaika wewe! Nimezima rauta nikawasha, nimeipandisha juu ya kabati, nimeivua kile kitambaa cha kufuma ambacho Mama huifunika nacho isishike vumbi. Niliwapigia watu wa intaneti, wakasema upande wao uko sawa. Nilibadilisha password nikidhani vijana wa jirani wanatumia Wi-Fi yetu, nikagombana na mama yao, na sasa hanisalimii. Mutua naye, huko Wote, kazi yake ni kuniuliza kwa simu, "Umezima ukawasha?" Ebo! Aje azime yeye.

Jumamosi nilifua blanketi zote, maji ya mapipa ya koridoni yakapungua sana. Jioni uliimba vizuri mpaka ubeti wa tatu ndipo ukakatika. Jumapili ikanyesha, nikajaza mapipa. Jumatatu ukakatika pale pale pa zamani. Nikasimama koridoni nikiyaangalia hayo mapipa yako ya bluu, yamejipanga kati ya rauta na mlango wa Mama. Nikampigia Mutua.

"Eee, maji humeza Wi-Fi," akasema. "Kwani kuna maji hapo?"

Kwani kuna maji! Amekulia nyumba hii akipita koridoni kimbavumbavu kama sisi wote. Wakati wa ukame ule uliamka ukakuta wezi wamechota pipa lote la nje, ukasema, "Nyumba hii, maji hayalali nje." Hayakulala nje tena. Hata ulipotuacha sikuwaza kuyasogeza. Ulikuwa umeshasema.

Jana niliyatoa. Nilichota ndoo kwa ndoo, mgongo unaniuma hadi sasa, nikayapanga kando ya jikoni na kufunga vifuniko kwa waya. Ukitaka kugomba, gomba. Kisha nikacheza wimbo. Mama akasimama, nikamshika kiuno. Ubeti wa pili ukapita. Wa tatu ukapita. Ukamaliza wa mwisho, ukakohoa kile kikohozi chako, ukasema, "Mnaweza kuketi."

Akaketi. Akatandaza leso magotini, ametulia kabisa.

Na mimi nikaketi, Baba, hapo hapo sakafuni. Tangu tukuzike sijakaa chini vizuri. Sikujua kwamba hata mimi nilikuwa nangoja useme.

Pumzika. Maji nitayalinda.

Kitinda mimba wako