Majina Tisa, Mkono Mmoja

Jumamosi, 24 Januari

Theluji imefika magotini. Nyumba kumi na moja leo, na karatasi za wadhamini nimezifunga ndani ya koti kama kitoto kichanga. Saini hamsini zinamtosha mtu kuingia kwenye kura za mchujo za bunge la jimbo hapa Ohio. Mimi nataka sabini. Nimeishi na makarani tangu ujana, nawajua.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Kharananda Dhungel. Miaka themanini na mmoja. Katika kambi ya wakimbizi kule Nepal, kibanda chake na changu vilitenganishwa na mfereji wa maji machafu, miaka kumi na minane. Akanikalisha karibu na hita, akaagiza chai. Ililetwa na mkwe wake mdogo, Tulasa, mtandio kichwani, macho chini, adabu ya mbele ya baba mkwe. Akabaki amesimama mlangoni na sinia lake.

"Kumbe mwalimu Pabitra anataka kuwa mheshimiwa," mzee akasema. "Wewe si ndiye uliyetubania chaki kambini?"

"Chaki zilikuwa tatu, mzee wangu. Watoto mia na kumi."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaivuta karatasi na kuandika jina lake. Halafu la mkewe. La wanawe watatu. La wakwe zake watatu. La mjukuu aliyetimiza miaka kumi na minane juzi. Majina tisa, kalamu haikupumzika. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema asante.

Karatasi ya pili imejaa. Miguu inauma. Nimefurahi.

Jumatano, 4 Februari

Nimezipeleka ofisi ya uchaguzi. Karatasi tatu, saini sabini na nne. Chini ya kila karatasi nimetia saini yangu mimi, kwamba kila aliyeandika jina humo aliandika mbele ya macho yangu, kwa mkono wake. Nilisaini haraka. Basi lilikuwa linakuja.

Mpinzani wangu naye alikuwepo, bwana Doyle Kessler, muuza bima, ambaye baba yake aliwahi kukaa katika bunge hilohilo. Akanipa mkono.

"Hongera, mama. Hasa hasa unatoka wapi?"

"Mtaa wa Cuyler. Nyumba ya tatu baada ya kinyozi."

Karani aliinamisha uso kwenye mihuri yake. Nadhani alikuwa anacheka.

Jumapili, 8 Februari

Gazeti la hapa limetuma maswali kwa wagombea wote. Historia ya mgombea kwa maneno sabini na tano. Misimamo kwa maneno mia mbili. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja na sijawahi kumpa mtoto swali la kikatili namna hii.

Tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari 1958. Ndiyo ya serikali. Nusu ya kambi yetu ilizaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu afisa aliyetuandikisha alikuwa na haraka. Mama yangu aliniambia nilizaliwa machungwa yakichumwa, na machungwa kwetu Bhutan huchumwa Novemba. Gazeti halina nafasi ya machungwa.

Kazi: mwalimu. Kisha mfungaji wa masanduku ghalani, miaka sita. Kisha mkalimani wa kujitolea hospitalini.

Uliondokaje nchini kwako? Hapa nimekaa saa nzima. Niliandika "tuliondoka mwaka 1991". Nikafuta. Ukweli ni huu, nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna hesabu ya maneno. Afisa alikuja na fomu inayosema kwamba tunahama kwa hiari yetu. Baba mkwe aliwekewa kalamu mkononi na askari nyuma yake. Akasaini kwa niaba ya watu kumi na mmoja. Mpiga picha akawaambia watabasamu. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mtoto. Nilipotoka na bakuli, nilikuwa nimeshahama kwa hiari yangu.

Sijarudi tangu siku hiyo. Mume wangu alifia kambini. Michungwa sijui anaichuma nani.

Gazetini nimeandika: "Tulifukuzwa." Neno moja, limebana nafasi vizuri.

Misimamo imekuwa rahisi zaidi. Mkalimani wa kulipwa katika kila hospitali, kwa sababu nimemwona msichana wa miaka tisa akimtafsiria mama yake neno saratani. Wanaowageuza wazee kitandani walipwe angalau kama wanaofunga masanduku. Zamu ya pili ghalani inaisha saa tano usiku na basi la mwisho linapita saa nne na dakika ishirini: basi moja zaidi, si sayansi ya roketi. Mabomba ya maji ya madini ya risasi, yenye sumu, yang'olewe katika nyumba za zamani, kwa kuanzia zenye watoto. Mkwe wangu Ghanashyam anasema niongeze kitu kuhusu kodi, wapiga kura wanapenda kodi. Nimeongeza: zilipwe.

Swali la saba nimeliacha wazi. "Masharti ya saini na vitambulisho katika uchaguzi yakazwe, yalegezwe, au yabaki?" Sikuona linanihusu nini.

Ijumaa, 20 Februari

Nimewekewa pingamizi.

Barua imeletwa kwa mkono. Mwanachama mmoja wa chama chetu, jirani yake Kessler, amegundua kwamba katika karatasi ya pili kuna majina tisa yenye mwandiko mmoja. Ana macho mazuri. Mwandiko wa mzee Dhungel unainama kushoto kama mlevi, hata mimi ningeuona.

Nimempigia karani. Amenieleza polepole, kwa heshima. Saini zilizopita ukaguzi ni sitini na sita. Wakiondoa majina manane ambayo mzee aliwaandikia wengine, zinabaki hamsini na nane. Nimo. Lakini sheria inasema aliyeshika karatasi akimwona mtu anaandika jina la mwingine, akanyamaza, basi karatasi nzima inatupwa. Karatasi ya pili ina saini ishirini na moja. Zinabaki arobaini na tano. Simo.

"Kwa hiyo swali ni moja tu, mama," akasema. "Ulimwona?"

Nikamwambia ataniuliza siku ya kikao cha kusikiliza pingamizi.

Jumamosi, 21 Februari

Lorraine Pruitt, jirani yangu, alikuja asubuhi na viatu vya theluji hadi sebuleni. Miaka thelathini alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha matairi. Ndiye anayeendesha kampeni yangu, au ndiye anayeniendesha mimi. Ghanashyam alikuwa ameshafika.

"Nyumba ya yule mzee ina jiko?" Lorraine akauliza.

"Ina."

"Na wewe ukienda kwa watu wenu huingii jikoni kuwasalimu wanawake?"

"Naingia."

"Basi. Ulikuwa jikoni. Hujaona kitu. Umerudi, karatasi imejaa, umesema asante."

"Mama, mzee mwenyewe ukimuuliza atasema hukuona," Ghanashyam akaongeza. "Hata anakumbuka nini yule? Wiki iliyopita aliniita kwa jina la baba yangu."

"Kessler anasema redioni kwamba watu wetu hawajaelewa utaratibu wa hapa," nikasema.

"Ndiyo maana usimpe ushahidi," Lorraine akasema.

Niliwapa chai. Sikuwapa jibu. Walipoondoka nilikaa na kikombe changu mkononi, nikakumbuka kikombe kingine, na kalamu ikienda. Nilikuwa naangalia. Sikuwa natazama dirisha wala saa. Nilihesabu pamoja na mzee: sita, saba, nane. Nikafurahi kila lilipoongezeka. Na haikunijia hata mara moja kwamba kuna kosa, kwa sababu kambini, miaka kumi na minane, mkono mmoja ulisaini na kuchukua mchele wa nyumba nzima.

Lakini siyo hiyo inayoniwasha. Ni jiko. Nimekuwa jikoni mara moja maishani mwangu watu wakisainiwa. Mara moja inatosha.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekwenda kwa mzee. Nilidhani atakuwa na aibu. Alikuwa na hasira.

"Mkono huu umewalisha. Kambini kadi ya mchele ilikuwa ngapi? Moja. Saini ngapi? Moja. Midomo mingapi? Ulisikia hata mmoja unalalamika kwamba mchele haukusainiwa vizuri?"

"Kambini tulikuwa hatupigi kura, mzee wangu."

"Basi huyo Kessler aje aniulize mimi. Nitamwambia nyumba yangu ina sauti moja."

"Ndilo tatizo lenyewe."

Akageuzia kiti chake kwenye televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

Tulasa akanisindikiza hadi barazani, akainama kunifungia kamba za viatu kabla sijamkataza. Anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, zamu ya usiku, nyumba ya wazee upande wa pili wa mto. Hajawahi kuniambia zaidi ya maneno kumi. Leo amesema yote mara moja, akiwa bado ameinamia kamba.

"Mwalimu, siku ile mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Kalamu ninayo, kazini naandika ripoti kila usiku, dawa gani saa ngapi. Ningeandika jina langu. Hukuniuliza."

"Ungenidhamini?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, na nikampenda kwa hilo.

"Labda. Unachosema kuhusu mishahara yetu ni kizuri. Labda ningekudhamini, labda ningekwambia nasoma kwanza. Lakini hukuniuliza, mwalimu. Ulimwambia mzee asante."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mabasi mawili yamenipita.

Baba mkwe wangu alikuwa na askari nyuma yake. Mzee Dhungel alikuwa na nani? Alikuwa na mimi, na kikombe changu.

Alhamisi, 26 Februari

Ghanashyam hanisemeshi. Lorraine ameleta mkate wa mahindi, akauweka mezani, akaondoka bila kuutaja wala kukitaja kikao.

Jioni akaja Kessler, kofia mkononi. Akasema hataki kuniaibisha mbele ya watu. Nikijitoa kimya kimya kabla ya kikao, yeye ataniunga mkono niingie kwenye kamati ya maktaba. Najua unapenda vitabu, akasema.

Nikamwambia maktaba hiyo nimesoma mpaka rafu ya matengenezo ya mashine za kukatia nyasi, sina kosa nayo. Lakini nimeomba bunge.

"Mama, utapoteza."

"Nimepoteza nchi, bwana Kessler. Karibu mkate wa mahindi."

Alikula vipande viwili. Mtu wa kawaida tu. Ningemshinda.

Jumanne, 3 Machi

Naandikia kwenye benchi la ukumbi wa ofisi ya uchaguzi, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu umeganda mfukoni kwa baridi ya nje. Saa tatu na nusu. Ndani wanasikiliza kesi ya mtu mwingine, anwani yake haieleweki.

Lorraine yuko kulia kwangu, ananuka dawa ya kikohozi. Kila dakika tano ananiegemea na kusema neno moja: jikoni. Nimeacha kumjibu. Ghanashyam amesimama karibu na mashine ya soda, anajifanya anachagua.

Kama jibu langu ni ndiyo, karatasi ya pili inaondoka na mimi naondoka nayo. Miaka miwili kusubiri. Nitakuwa na sabini kwa karatasi, sitini na tisa kwa machungwa. Basi la zamu ya pili litaendelea kutokuwepo. Msichana mwingine atatafsiri saratani. Nimeyapima hayo usiku wote, sijayadharau. Lakini nikiwa mbunge kwa sababu nilisema nilikuwa jikoni, nitaingia mle kama nilivyotoka kwetu: kwa hiari iliyoandikwa na mtu mwingine.

Na Kessler asidhani amesema kweli redioni. Utaratibu naufahamu. Naufahamu kuliko yeye, mimi ndiye niliyewahi kusainiwa.

Nimejibu swali la saba, gazeti wanalisubiri hadi mchana. "Yabaki kama yalivyo. Kila mtu aandike kwa mkono wake. Anayeshika karatasi aulize kila aliyemo chumbani, hata aliyeshika sinia, na aseme alichokiona." Maneno ishirini na moja. Nimebakiwa na nafasi.

Mzee Dhungel ameingia. Sikumwita. Amevaa kofia yake ya sherehe, koti la suti, na mabuti ya theluji. Hakunitazama. Ameketi mwisho wa benchi, fimbo kati ya magoti. Nyuma yake Tulasa, bado na sare za zamu ya usiku, mtandio umeshuka mabegani, hajaupandisha.

Mlinzi ana daftari la wageni mezani. Mzee alipopita aliandika, akaja kukaa. Tulasa amebaki pale. Anasoma daftari.

"Kuna tatizo?" mlinzi anamuuliza.

"Hili jina ni langu. Lakini mwandiko si wangu."

"Si mmekuja pamoja, dada?"

"Tumekuja pamoja. Naomba nilikate, niandike."

Mzee amegeuza kichwa. Fimbo imegonga sakafu mara moja.

Mlinzi anatafuta kalamu yake, haioni. Mlango wa ndani umefunguliwa na karani ananiita, jina amelivunja vipande vitatu. Lorraine amenishika mkono wa koti. Jikoni, anasema. Nasimama. Tulasa amenigeukia, kiganja wazi: mwalimu, una kitu cha kuandikia?

Ninayo penseli hii tu. Nampa