Ubao wa Nyuma wa Gari ya Hasan

Nyumbani kwa Bi Mize,
Kikwajuni,
Unguja.
19 Mei, 1957

Mpendwa kaka Simai,

Assalaam alaykum. Natumai mwili wako ni mzima na kazi za bandarini hazijakuvunja mgongo. Moyo wako siuulizi. Usingizi unapata? Chakula kinapita? Kama hakipiti kilazimishe, maana wewe ulikuwa mwembamba tangu hapo, ukikonda zaidi Mombasa nzima watadhani Unguja kuna njaa.

Huku mama yangu hajambo, ila kila akisikia gari inapita hujishika kifua. Mama yako yuko Nungwi ndani ya eda ya baba yako, anakula tukimbembeleza. Mimi sijambo. Sina hata mkwaruzo, na hilo ndilo linalonitia haya mbele za watu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliichukua mwenyewe mpaka Nungwi na nikaisoma mwenyewe, nimekaa mlangoni, mama yako yuko ndani na wanawake wenzake. Nani mwengine angeisoma? Msomi wa ukoo ni mimi, darasa la tano na robo. Nilipofika pale ulipoandika kuwa Hasan dereva amemuua baba yako kwa mwendo wake wa wazimu, na Mungu asimpe raha duniani wala kaburini, yeye na watoto wake, sauti haikunitetemeka. Nilisoma vizuri, kwa mkazo wake. Mama yako akasema, "Amin." Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia.

Simai, Hasan hakumuua baba yako. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unaijua ile pikapu ya Hasan, jirani yetu, ambayo mwaka wa pili huu nnafanya nayo kazi ya kupakia abiria na mizigo. Nyuma ina ubao unaofunguka ukalala kama meza, umeshikwa na minyororo miwili, mmoja kila upande. Kabla ya Ramadhani mnyororo wa kushoto ulikatika. Hasan akataka gari isimame mpaka apate mwengine. Mimi nikamcheka. Nikamwambia kwetu Nungwi kamba inazuia jahazi na shehena yake, itashindwa na kigari chake?

"Jaku, kamba ni kamba na chuma ni chuma," akasema.

"Na Mnungwi ni Mnungwi," nikamjibu.

Nikasokota usumba wa makumbi ya nazi, nyuzi tatu, nikafunga kwa fundo la kwetu. Ilikuwa kamba nzuri, wallahi, hata leo siwezi kuisema vibaya. Tukapandisha magunia ya mbata, nazi kavu, juu ya ubao, frasila kumi kwa mizani ya dukani, yakakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ubao haukushuka hata unene wa ukucha. Basi nikapata la kujisifia njia nzima. Abiria akiuliza kama ubao utamweza, namwambia: mtu mmoja ni frasila nne, kaeni wawili, mnabakisha frasila mbili za kupumulia. Watu wakicheka, wakikaa.

Mbata haipumui, Simai. Haigeuki kutazama nyuma, na gari ikiingia shimoni haiinuki ikaanguka tena kwa kishindo. Mimi nilipima mzigo uliolala, nikapakia watu walio hai. Tena kuna lengine, na hili ndilo linalonikosesha raha. Usumba unapatana na maji ya chumvi. Maji ya mvua huula. Hayo kwetu mtoto wa miaka saba anayajua, na wewe unajua kuwa nayajua. Lakini ile ilikuwa gari, si chombo, na akili yangu ikaiacha elimu yake pwani. Kamba ilinyeshewa masika Ramadhani nzima, na imepita juu ya ncha ya bati iliyokuwa ikiikwangua kila safari. Kazi yangu mimi ilikuwa kuipaka mafuta ya nazi ili ing'are.

Alkhamisi ile, tarehe tisa, baba yako alikuja mjini kuchukua boriti za msikiti, maana paa lilikuwa likivuja mpaka safu ya mbele. Boriti zilikuwa ndefu kuliko gari, ikabidi ubao ulale wazi na vichwa vya boriti vikae juu yake. Hasan akamwambia, "Mzee Msabah, njoo ukae mbele na mimi." Baba yako alikuwa ashainua mguu kupanda. Mimi ndiye niliyemwita.

"Mjomba! Boriti za nyumba ya Mungu unaziacha peke yake? Thawabu ziko huku nyuma, huko mbele kuna moto wa injini tu."

Akacheka. "We mtoto, ulimi wako utakuja kukufikisha pabaya." Akaja nyuma. Akakaa upande wa kushoto, na Mcha, yule mwenzake wa msikitini, akakaa upande wa kulia. Mimi nikajitia katikati. Hasan akashuka, akaitazama kamba, akaniuliza kama itaweza. Nikasimama juu ya ubao nikaruka mara tatu, watu wa sokoni Darajani wote wananitazama.

"Endesha, bwana," nikamwambia. "Usitucheleweshee msikiti."

Watu watatu ni frasila kumi na mbili, bado boriti. Hesabu hiyo nilikuwa naiweza. Sikuifanya.

Tulipoipita Mkwajuni, ile ya njia ya Nungwi, njia ikawa mawe matupu. Hasan alikuwa akienda mwendo wa punda. Baba yako alikuwa akimweleza Mcha boriti ipi itakaa juu ya kibla na ipi mlangoni, na wanabishana. Gurudumu la nyuma likazama shimoni. Kamba ikatoa mlio mdogo, kama wa mtu anayekata kucha, ubao ukainama kushoto. Mcha akauwahi mnyororo wake, mimi nikamshika Mcha. Baba yako alikuwa upande wa kamba, hakuwa na cha kushika. Alianguka kwa kisogo, na boriti mbili zikamfuata.

Tulipomfikia alikuwa bado anasema. Aliniuliza, "Boriti hazikuvunjika?" Nikamwambia hazikuvunjika. Akasema, "Basi." Tukazishusha zote kando ya njia, tukamlaza garini, kichwa chake mapajani mwangu, na hapo ndipo Hasan alipokwenda mbio kurudi mjini kutafuta hospitali. Mbio watu walizoziona na kuzisimulia mpaka zikakufikia Mombasa ndizo hizo. Alikuwa akikimbia kwa ajili ya baba yako. Tulipofika Mahonda nikagonga paa la gari, nikamwambia apunguze, hakuna haja tena.

Watu wa Nungwi walizifuata boriti kesho yake baada ya maziko, wakazibeba mabegani. Paa la msikiti limekwisha kuezekwa.

Sasa sikiliza la mwisho, maana ndilo baya kuliko yote. Pale Mahonda Hasan aliingia kituo cha polisi kutoa habari. Mimi nikatoa kisu, nikavikata vile vipande vya kamba vilivyobaki vikining'inia, nikavitupa chooni. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Askari alipoikagua gari hakuona kitu upande ule, akamuuliza Hasan ubao ulifungwa na nini. Hasan akanitazama. Nikaangalia chini. Akasema, "Gari yangu, dhamana yangu." Basi. Wamemweka ndani mpaka kesi, Jumatano hii, na jina langu hajalitaja mpaka leo.

Siku ya tatu mkewe, Bi Time, alileta chungu cha uji hapa kwa mama kwa ajili ya wafiwa. Wanawake wakamfungia mlango. Mmoja akamwambia dirishani, "Upeleke kwa muuaji wako." Akakiweka chungu kizingitini, akaondoka na mtoto mgongoni. Nilikuwa nyuma ya mlango, naona kila kitu kwa tundu la ufunguo.

Leo asubuhi nilimwambia mama yote. Nilitaka anipige, hakunipiga. Alikisukuma kando kikombe chake cha chai, akasema, "Kaka yangu umempoteza wewe, na bado unataka kumpoteza na Hasan, mtoto wa mwenzio. Mwandikie mwenye baba." Ndiyo hii nnakuandikia. Kesho ntakwenda Nungwi nikamwambie mama yako kwa mdomo wangu, nimekaa pale pale mlangoni nilipoisoma barua yako. Jumatano ntasimama mahakamani niseme kamba ilikuwa yangu na vipande nilivitupa mimi. Wakinifunga na wanifunge.

Hayo naweza kuyafanya mwenyewe. Kuna moja tu lisiloniwezekana, nalo ni ile dua mbaya uliyomwombea Hasan. Wewe umefiwa, na dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi. Irudishe, Simai. Nakuomba leo hii hii, kabla hujanijibu, kabla hujamaliza kunitukana. Watoto wa Hasan ni watatu, mdogo hajaota meno. Kama ni lazima imfikie mtu, jina langu unalijua, na la mama yangu unalijua.

Msamaha sikuombi kwa barua. Ntakuomba uso kwa uso, mkono wako ukiwa karibu na shavu langu.

Mama anakusalimu sana, anasema usisafiri na hasira peke yako, tafuta mtu wa kufuatana naye. Nisalimie Gharib na jamaa wote wa hapo mnapokaa. Mcha anakusalimu, mkono wake bado umefungwa. Bi Time sijui kama angependa nikupe salamu zake, lakini kila alfajiri namsikia ng'ambo ya ukuta akimuombea dua baba yako, nawe ni haki yako kulijua hilo.

Mungu amrehemu mjomba, amkunjulie kaburi lake, akupe wewe subira ambayo mimi sina.

Wako akupendaye, hata ukiacha kunipenda,

Jaku