Swali Lako Kuhusu Moyo wa Mama

Mpendwa Tata, baba yangu,

Juzi niliingizwa waya moyoni nikiwa macho, na mtu niliyemtamani chumbani ni wewe. Si kwa kunishika mkono, hukuwa mtu wa mambo hayo. Nilitamani maswali yako. Ungemchosha yule daktari msichana mpaka akuombe utoke nje.

Acha nikueleze, maana najua hutatulia. Moyo wangu una ugonjwa wa kukimbia ghafla, kama wa mama. Siku hizi wanajua kwamba moyo hupigishwa na umeme wake wenyewe, na kwamba kwa watu kama sisi kuna kinjia cha ziada ambamo umeme huo hupita na kurudi, ukizunguka tu. Wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaupandisha hadi moyoni, wanakitafuta kile kinjia na kukiunguza. Kovu lenyewe ni dogo mno. Kifua hakipasuliwi, Tata! Nami nilikuwa kwenye utafiti: nusu ya wagonjwa waliendelea na vidonge, nusu wakaunguzwa, na kura ikaniangukia upande wa waya. Nikamuuliza daktari, "Kwa hiyo hamjui ipi ni bora?" Akasema, "Bado hatujui, Mama. Ndiyo maana tunapima." Ungempenda. Ulimwamini zaidi mtu anayekiri kwamba hajui.

Wanangu hawaamini nikiwaambia babu yao alikuwa omobari, mpasuaji wa vichwa. Kwamba watu walitoka Nyamarambe wakaja kwetu Nyamira uwakwangue fuvu kwa kisu kilichopinda, bila ganzi, kisha wakarudi kwao wazima. Wao wanataka habari za damu. Mimi ninachokumbuka ni jinsi ulivyowarudisha wengi nyumbani bila kuwagusa. "Ulipigwa na nini? Lini? Hapa, au hapa?" huku kidole gumba chako kikitembea kichwani. Aliyeshindwa kutaja pigo hakukiona kisu chako. "Kisu hakitafuti," ulizoea kusema. "Kinachotafuta ni swali."

Mama alikuwa na moyo wake ule tangu nikiwa mdogo. Anapalilia, ghafla anashika kifua, anakaa chini, mishipa ya shingo inarukaruka. Mara mbili alipelekwa zahanati, na mara zote mbili moyo ukatulia njiani, wakamwambia apunguze wasiwasi. Wewe hukumcheka. Ulimwekea vidole shingoni ukaanza kujaribu, jambo moja moja. Akohoe. Alale chali. Abane pumzi. Siku moja ukamtumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi ya mtoni, na moyo ukatulia papo hapo. Ulifurahi kupita kiasi, ukamwomba arudie, ingawa hakuwa na tatizo tena, eti uone. "Mimi si bata," mama akasema, na tulicheka wote watatu.

Kisha ikaja siku ile ya kituo cha kununulia chai. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, chai ingali ngeni kwetu, na foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama nyuma ya mama na kikapu changu. Alianguka akagonga kichwa kwenye jiwe. Wiki mbili zikapita akilalamika kuumwa kichwa na kuzirai. Mjomba Ombati, kaka yake, akaja kutoka Nyakoe amefura kwa hasira.

"Shemeji, unafungua vichwa vya watu baki. Huyu ni dada yangu. Jiwe lenyewe tumeliona. Unangoja nini?"

Wewe ulinigeukia mimi. "Wewe ulikuwepo. Alishika kifua ndipo akaanguka, au alianguka kwanza?"

"Alishika kifua kwanza."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Tata."

Ukamwambia mjomba, "Basi shida iko mahali ambapo sina njia ya kufika. Nikimkwangua kichwa, nitakuwa nafanya ili nionekane nimefanya." Mjomba akaondoka hata uji hakuonja.

Mama alifariki msimu wa kupanda mahindi, shambani, akiwa peke yake. Mazikoni mjomba alisema mbele ya kanisa zima kwamba dada yake ameuawa na mume aliyeficha kisu. Uliinamisha kichwa tu. Mimi nikaanza kujishuku. Je, niliona kweli? Au niliogopa kusikia mama akikwanguliwa, nikasema la kukuzuia? Kila mwaka picha ile ilizidi kufifia, na nilikuchukia kwa kuniuliza. Mtoto habebeshwi swali kama lile.

Ndiyo maana, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, uliponiuliza tena ukiwa kitandani, "Siku ile, ulikuwa na hakika?" nilikujibu, "Sijui." Nilisema kwa hasira nikatoka nje. Wiki hiyo hiyo ukatutoka.

Sasa sikiliza. Kabla ya kuunguza, daktari huuchokoza moyo ukimbie, ili akione kile kinjia. "Mama, utausikia," akaniambia. "Nieleze kila unachohisi." Kwanza ulikuja mruko mmoja. Kisha mbio, na shingo ikaanza kudunda. Mkono wangu ukapanda kifuani wenyewe, wakaurudisha chini. Macho yakaanza kuingia giza pembeni, na humo ndimo nilimomwona mama. Mkono wake uliachia kamba ya kikapu ukaenda kifuani. Kikapu kikateleza, majani ya chai yakamwagika miguuni pangu, naye bado amesimama. Bado amesimama, Tata! Jiwe halijamgusa.

Nililia, daktari akadhani naumia.

Moyo umetulia kwa sasa. Watanipima tena na tena, mimi na wale wa vidonge, na natamani sana kujua matokeo yatasemaje. Lakini swali lako halihitaji kungoja utafiti. Ulikufa ukidhani huenda ulimwacha mama afe, na mimi ndiye niliyekunyima neno moja la kukupumzisha. Nisamehe kwa kuchelewa.

Ndiyo, Tata. Nilikuwa na hakika.

Ni mimi,
Binti yako